Mjomba anasema nimevunjika guu kwa sababu sikusikia. Hoja hii imekaa sawa?

BintiCherehani (Tanga)

Wakuu habari za muda huu. Naandika nikiwa kitandani, mguu wa kulia una hogo (plasta) mpaka chini ya goti, kwa hiyo mkiona nimeandika marefu mnisamehe, sina kazi nyingine. Cherehani yangu ya kukanyaga ameachiwa mdogo wangu aiangalie, na kweli anaiangalia, kwa macho.

Kisa chenyewe ni hiki. Mjomba wangu ndiye aliyetulea, na ana methali ya kila jambo. Mwezi uliopita aliniambia, "Wewe, usipande boda usiku. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Nikasikia. Naapa nilisikia. Siku ya tukio nilimaliza kushona sare za harusi ya watu saa nne kasoro usiku. Pale Barabara ya 12 boda watatu walinipigia honi, wote nikawakatalia, nikatembea kwa miguu. Umeme ulikuwa umekatika. Kuna mtaro hauna mfuniko, mguu mmoja ukaingia, mwingine ukabaki juu. Mlio niliousikia ni kama kijiti kikavu cha mbaazi kikivunjwa.

Mjomba alipofika hospitali hakuuliza hata nimeangukia wapi. Alisimama upande wa miguuni, akautazama mguu, akasema mbele ya wauguzi: "Si nilisema? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu kavunjika guu. Basi hakusikia." Na wauguzi wakaitikia! Mimi nilikuwa kwenye maumivu, sikuwa na la kusema.

Kesho yake nilipopata nguvu nikamjibu: "Mjomba, mimi nilisikia, boda sikupanda, na guu nimevunjika. Kwa hiyo methali yako ni ya uongo." Akacheka. Akasema kama nimevunjika basi lipo jambo jingine ambalo sikulisikia, nifikirie vizuri nitalikumbuka. Nimefikiria siku tatu. Ubaya ni kwamba nimeanza kuyakumbuka kweli. Kuna siku aliniambia nisinunue viatu vya plastiki.

Binamu yangu aliyeko chuo amekuja kuniona, akasema mjomba kafanya "kosa la mantiki". Nikamwambia haya nifafanulie. Akasema ni kosa maarufu, lina jina la Kilatini, akala maembe yangu mawili akaondoka.

Wanaojua naomba mnisaidie. Mjomba kakosea wapi hasa? Maana nikiyarudia maneno yake kichwani yananyooka kabisa kama kitambaa kilichopigwa pasi. Na lile jibu langu, lilikuwa sahihi? Kilatini sitaki.

Kijiweni_Daima

Pole dada. Ila viatu vya plastiki na mtaro mbichi usiku... mjomba nampa pointi zake. Na huyo binamu akirudi ficha maembe.

Ticha_Mstaafu (Moshi)

Pole sana mwanangu. Nimefundisha hesabu sekondari miaka 31, na methali yako hii nimewahi kuiandika ubaoni, kwa hiyo niruhusu niwe mrefu na mimi.

Mjomba wako kakosea. Wewe pia umekosea. Bahati yake ni kwamba yeye hana hogo.

Methali ina vipande viwili. Mbele kuna sharti: mtu hasikii la mkuu. Nyuma kuna tokeo: guu lake linavunjika. Ukiichukua kama ilivyo, inakwenda upande mmoja, kutoka kwenye sharti kwenda kwenye tokeo. Ukimpata mtu asiyesikia, inakuruhusu useme guu lake litavunjika. Ukimpata mtu mwenye guu zima, inakuruhusu useme huyu alisikia, maana angekuwa hakusikia, guu lingeshavunjika. Ruhusa zenyewe ndizo hizo mbili.

Mjomba kaanza na guu lililovunjika, akarudi kinyumenyume mpaka kwenye ukaidi. Hapo methali imenyamaza. Haikusema kwamba ukaidi peke yake ndio unaovunja miguu. Badilisha maneno uone: anayeishi Tanga anaishi Tanzania; shangazi yake fulani anaishi Tanzania; basi anaishi Tanga. Watu wa Mwanza watakushangaa. Wewe ni fundi, unajua: ukikata vitambaa viwili kwa kipimo kimoja, kilichokosewa kwenye kanga kitakosewa na kwenye hariri. Mantiki inapima mkato tu, kitambaa ni cha nani haiulizi. Kosa hili la mjomba huitwa kukubali tokeo.

Sasa zamu yako. Umesema: nilisikia, nikavunjika, kwa hiyo methali ni ya uongo. Methali haikuwaahidi chochote wanaosikia. Uliyemwangusha ni ndugu yake, "anayesikia havunjiki guu", na huyo hajatajwa na mtu. Umemtunga wewe kimoyomoyo, na mjomba kakuacha uamini hivyo, maana wakubwa ndivyo tunavyopata usingizi. Kugeuza sharti kwa namna hiyo huitwa kukana sharti.

Usijione mjinga, sote tunateleza hapo, na sababu ni malezi. Mama akisema "ukimaliza kuosha vyombo utakwenda kucheza", mtoto anaelewa papo hapo kwamba asipomaliza haendi. Mama hakulisema hilo, ila alilikusudia. Nyumbani masharti mengi yanakwenda na kurudi. Ukishazoea hivyo, unakuja kuisoma methali, mkataba wa pango na tangazo la kazi kwa mazoea yaleyale ya vyombo.

Ungetaka kuipima methali ya mjomba kwa haki, fanya hivi. Chukua watu wanne wa mtaani kwenu. Kila mmoja unajua jambo moja tu kumhusu. Wa kwanza hasikii la mtu. Wa pili ni msikivu. Wa tatu ana hogo. Wa nne miguu yake mizima. Una nauli ya kuwafuata wale tu ambao ni lazima. Utamfuata nani? Weka simu chini kwanza, fikiria.

Wengi humfuata wa kwanza na wa tatu. Wa kwanza ni sawa: ukimkuta mkaidi na miguu yake mizima, methali imeanguka. Wa tatu umepoteza nauli. Akiwa mkaidi, hujathibitisha kitu, na akiwa msikivu kama wewe, methali haijaguswa. Wa kumfuata ni wa nne, yule mzima aliyejikalia zake kibarazani ambaye hakuna anayemfikiria. Akikwambia "mimi tangu nizaliwe sijamsikiliza mkubwa", mjomba hana la kusema.

Jaribio hili si langu. Mwanasaikolojia Mwingereza Peter Wason alilitoa mwaka 1966 kwa kadi nne mezani: E, K, 4 na 7. Kanuni ilikuwa kwamba kadi yenye irabu upande mmoja ina namba shufwa upande wa pili. Ugeuze zipi? Jibu ni E na 7, na waliolipata hawakufika mmoja katika kumi. Wengi hukimbilia ile 4, kwa mkato uleule wa mjomba. Mwaka 1982 Wamarekani wawili, Griggs na Cox, wakalipa nguo nyingine: anayekunywa bia lazima awe amevuka miaka 19. Mezani yuko mnywa bia, mnywa soda, mwenye miaka 22 na mwenye miaka 16. Karibu robo tatu ya watu wakapatia. Hesabu ni ileile kabisa.

Mimi nilikata maboksi ya chaki nikatengeneza kadi zangu. Kidato cha nne walikuwa wakianguka vibaya kwenye herufi na namba. Nikibadilisha nikasema "anayeingia bwenini saa za masomo awe na karatasi ya ruhusa, mmkague nani?", mkono unanyooshwa hadi na yule anayelala nyuma. Kanuni ikishakuwa ya kukamata watoro, kila mtu anakuwa mwanamantiki.

Halafu usije ukamrudia mjomba na kusema "hoja yako mbovu, kwa hiyo nilisikia". Hapana. Inawezekana kweli kuna jambo hukulisikia. Hoja mbovu inaweza kuangukia ukweli kwa bahati, na hoja iliyonyooka inaweza kukuingiza shimoni: kila mwenye mbawa huruka, mbuni ana mbawa, basi mbuni huruka. Hapo mkato ni safi, kitambaa ndicho kimeoza. Tunasema hoja ni halali, ila msingi wake mmoja ni uongo. Mjomba ni kinyume chake: hata tukimkubalia methali yote, mkato haushiki.

BintiCherehani

Shikamoo ticha. Nimesoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikasirika kuambiwa nimekosea na mimi, mara ya tatu nimecheka peke yangu wodini kwangu (chumbani, lakini ndiyo wodi siku hizi).

Na mimi nilimfuata wa kwanza na wa tatu. Wa tatu nilimfuata kwa sababu ni mimi.

Lakini wa nne ninaye ndani ya nyumba! Mdogo wangu wa kiume, miaka 16. Kaambiwa asicheze mpira peku, anacheza peku. Kaambiwa asipande mwembe wa jirani, yale maembe aliyokula binamu yalitoka wapi? Miguu yake mizima, anakimbia kama swala. Ngoja mjomba aje.

Hadubini_Yangu (Muheza)

Ticha heshima yako, ila nataka kumtetea mjomba kidogo. Mimi ni mtu wa maabara, na kama kurudi nyuma ni dhambi, sisi tumeshaungua.

Malaria huleta homa. Mgonjwa ana homa. Basi ana malaria. Kwa miaka mingi huku kwetu mtoto akichemka tu anapewa dawa ya malaria, na aliyeitoa hakuwa mjinga, hakuwa na kipimo karibu na mtoto angeweza kufa asubuhi. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likaelekeza kila anayeshukiwa apimwe kwanza kabla ya dawa. Sasa kuna kile kipimo cha haraka: tone la damu ya kidole, unaweka kimiminika, unasubiri kama robo saa, mistari inatoka. Mwaka 2014 dengi ilipoingia Dar es Salaam, watu walikuwa na homa ya kuvunja mifupa na kipimo cha malaria kinasema hakuna. Ndipo wengi walipojua kwamba tokeo moja lina wazazi wengi.

Na raha ya kazi hii ni kwamba ukipanda ngazi moja, kosa lilelile limekutangulia. Mtu ana mistari miwili kwenye kipimo, tunasema ana malaria. Lakini vipimo vingi vya haraka havimwoni mdudu mwenyewe, vinanasa protini yake, na protini hiyo inaweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya dawa kumaliza kazi. Nimewahi kuletewa mama aliyetibiwa siku kumi nyuma, mistari miwili imekolea kama wino, kwenye hadubini nimetafuta vimelea mpaka macho yakatoa machozi, hakuna hata kimoja. Homa yake ilitokana na mkojo. Mwenye malaria huwa na mistari miwili, huyu ana mistari miwili, basi... mnaona?

Kwa hiyo sisi tunarudi nyuma kila siku, ila kwa adabu. Unataja wote wanaoweza kuleta homa hiyo, halafu unawaondoa mmoja mmoja kwa ile njia halali ya pili ya ticha: ingekuwa ni fulani, ningeona kitu fulani, sikioni, basi si yeye. Na hata hapo kipimo chenyewe kiwe kizuri, kisiwe kimechomwa na jua dirishani.

Mjomba kukisia nampa. Ila hakuuliza umeangukia wapi. Hicho ndicho kilikuwa kipimo, na kilikuwa bure.

Muamu_wa_Langoni (Lamu)

Dadangu pole, Mola akuponye. Nimefurahi binamuyo kutaja mantiki, ingawa alikimbilia maembe. Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu, asili yake ni kutamka, na elimu hii imesomeshwa kwenye vyuo vya dini karne nyingi kabla hatujajengewa shule hizi za kengele. Kuna kitabu kidogo cha al-Abhari, mtu wa karne ya 13, kiitwacho Isaghuji, jina lilitoka kwa Wayunani na maana yake ni utangulizi. Na kuna utenzi wa al-Akhdari, mtu wa Aljeria ya leo, aliyeutunga akiwa na miaka 21 tu, wanafunzi wauhifadhi kwa moyo.

Mimi niliusoma vipande kwa mzee mmoja baada ya alasiri. Kitabu alikuwa nacho lakini hakukifungua. Alichora mchangani kwa kidole. "Kila mnazi ni mti. Kila mwembe ni mti. Haya, mnazi ni mwembe?" Tukacheka. "Mwacheka nini? Nionyesheni palipokatika." Tukanyamaza kimya, maana kucheka ni rahisi. Akatuambia tutafute neno la kati, lile linalokuja mara mbili na halimo kwenye hitimisho. Hapo ni "mti". Kazi yake ni kuwafunga wawili, mfano wa kamba ya ngalawa. Mnazi umeshika ncha hii ya kamba na mwembe umeshika ncha ile, lakini "mti" haukuzungumzwa wote pahali popote, kila mmoja ameshika kipande chake na katikati ni maji matupu. Lau ingalisemwa "kila mti una mizizi", hapo mti wote umeingia, kamba imekaza, mnazi una mizizi.

Nikiketi na watu wa siasa barazani husikia minazi na miembe kutwa. Wezi wauchukia uchunguzi. Fulani auchukia uchunguzi. Basi fulani ni mwizi. Kati haikufunga.

Msidhani elimu hii ilipendwa na wote. Utenzi huohuo wataja kwamba wako wanazuoni wakubwa walioiharamisha, na wako waliosema yapasa isomwe. Ghazali alikuwa upande wa kuisoma, tena kwa nguvu. Mamangu alikuwa upande wa kuharamisha: alisema nitakuwa mbishi. Nimekuwa.

Kijiweni_Daima

Ticha huyu si ndiye aliyetuambia humu ndani vuli itachelewa, ikawahi ikaozesha mahindi ya watu? Leo anatufundisha mantiki. Tutamwaminije?

Halafu kama kweli mnavunja methali, vunjeni hii: lisemwalo lipo, kama halipo laja.

Ticha_Mstaafu (Moshi)

Vuli nilikosea, na mahindi yangu nayo yaliozamo. Kadi nne ziko palepale, zigeuze kwa mkono wako, mimi sihitajiki. Ningekuwa nimekuomba uniamini kwa sababu ni ticha, hapo mvua ingehusika.

Hiyo methali nyingine haivunjiki, na ndiyo maana naiogopa. Niambie ni kitu gani kikitokea utakubali kwamba imesema uongo. Leo lipo? Imepatia. Leo halipo? Laja. Mwaka kesho halipo? Bado laja. Mwanafalsafa Karl Popper alitoa kitabu mwaka 1934 akishikilia kwamba dai la kisayansi lazima likubali kuwa kuna jambo ambalo likionekana, litaangusha dai hilo. Hili la "laja" limejifungia mlango kwa ndani. Kwenye umbea linafaa sana.

Mhariri_wa_Usiku (Dar es Salaam)

Naomba kuingiza sarufi, maana ticha kaipitia haraka.

Methali haikusema "kila asiyesikia atavunjika". Imesema *huvunjika*. Hiyo "hu" ya mazoea ina ujanja wake. Tunasema mbu hueneza malaria, na ni kweli, wakati mbu dume hamng'ati mtu, na kwa majike yenyewe ni jamii ya anofelesi tu, tena yule aliyekwisha kubeba vimelea. Kwa hesabu ya vichwa, mbu wengi kabisa hawaenezi malaria yoyote, na sentensi haijatikisika. Sasa BintiCherehani akimpeleka mdogo wake mbele ya mjomba kama ushahidi, mjomba akijua sarufi atajibu: mwanangu, nilisema *huvunjika*, sikusema *lazima*. Mtu mmoja mzima haiangushi "hu". Tatizo ni kwamba na mjomba naye hawezi kuitumia "hu" hiyohiyo kumhukumu mtu mmoja aliyelala kitandani. Achague. Kama ni "kila", mdogo mtu anaiangusha. Kama ni "hu", basi hata ukaidi wa binti ungejulikana wazi, bado methali isingetosha kutuambia guu lake litavunjika.

Jingine ambalo limenigharimu fedha: neno "wote" likikutana na kukanusha. Kwenye kikoba chetu tuko 22. Katibu alituma ujumbe kwenye kundi: "Wanachama wote hawajalipa hisa za mwezi huu." Mimi nilikuwa nimelipa tangu tarehe mbili, risiti ninayo. Nikawaka. Wengine sita nao wakawaka. Katibu akashangaa, yeye alikusudia kwamba hawajalipa wote, yaani baadhi bado. Sentensi yake inabeba maana zote mbili: hakuna aliyelipa, au kuna ambaye hajalipa. Zimeachana mbali sana. "Wote wamelipa" ikikanushwa, kinachopatikana ni "yupo ambaye hajalipa", hata akiwa mmoja. "Hakuna aliyelipa" ni dai jingine, kubwa zaidi, na linaweza kuwa uongo pamoja na lile la "wote wamelipa", kama ilivyokuwa siku ile. Aristotle aliyatenganisha haya mawili zaidi ya miaka 2300 iliyopita, na katibu wetu hajapata habari.

Ugomvi ulichukua siku nne, mweka hazina akajitoa, na faini ya kutukana kundini nililipa mimi. Siku hizi katibu anaandika "bado wawili" na kutaja majina. Hapo mantiki imekwisha, imebaki aibu.

Hadubini_Yangu (Muheza)

Mhariri, hiyo faini ilikuwa halali. Nimecheka.

BintiCherehani, mguu usiuninginize chini muda mrefu, uuinue juu ya mto, na vidole vikifa ganzi au vikigeuka rangi rudi hospitali, hilo usilijadili na mtu.

BintiCherehani

Nimerudi. Vidole viko salama, daktari wangu wa mtandaoni asante.

Mjomba kaja jana jioni na machungwa ya huko kwenu Muheza. Nikamsubiri akae. Kadi sina, nikatoa vifungo vinne kwenye kopo langu la vifungo nikavipanga juu ya shuka: cheusi ni mkaidi, cheupe ni msikivu, chekundu ana hogo, cha bluu mzima. Nikamwambia, mjomba, unataka kujua kama methali yako ni kweli, utamchunguza nani? Akavaa miwani. Akavitazama kweli, hakufanya mzaha. Akakiokota cheusi, akafikiria, akakiokota na chekundu.

Nikamweleza yote kama ticha alivyoeleza. Tanga na Tanzania, nauli, yule wa nne wa kibarazani. Kwenye Tanga na Tanzania akasema "hilo nakubali". Kwenye mtaro akaniuliza, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, ulikuwa upande gani wa barabara. Nikamwambia wa kushoto ukitoka sokoni. Akasema huo anaujua, mfuniko wake una zaidi ya mwaka haupo, kesho atatafuta ubao auzibe. Nikaona hapo nimeshinda, nikakisogeza kifungo cha bluu mbele yake, nikamwita mdogo wangu. Nikasema: mjomba, huyu hapa. Hasikii lako, hasikii langu, hasikii la mwalimu. Na miguu ile pale.

Mjomba akamtazama kijana kuanzia chini kwenda juu, miguu peku, vumbi mpaka magotini. Akamenya chungwa, ganda likatoka zima bila kukatika. Akasema:

"Huyu? Guu lake laja."

Halafu akamgeukia: "We, vaa viatu."

Hakuvaa.